Vipandio Vitatu, Sentimita Hamsini na Mbili

Saa mbili asubuhi, fundi yuko magotini kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe, penseli nyekundu sikioni, kipande cha uzi mweupe mkononi. Uzi una urefu wa sentimita hamsini na mbili. Anaukunja uwe sehemu tatu sawasawa, anauvuta hadi ukaze, anauweka ukutani na kuchora alama.

"Uzi hauna habari na desimali," anasema bila kugeuka. "Ukiuambia gawanyika kwa tatu, unagawanyika. Haubakizi mkia."

Ana miaka hamsini na minne, na zaidi ya thelathini ameimaliza akijenga ngazi za zege. Mafundi wenzake wanamwita Kamili, na hawamsifu. Ni utani. Kikokotoo kikimpa jibu lenye nukta, yeye huchukua namba iliyo kabla ya nukta, akakitia kikokotoo mfukoni, akaagiza zege.

"Waliniona mtu wa maamuzi," anasema na kucheka kidogo. "Kumbe nilikuwa naogopa. Darasa la sita niliacha shule siku chache baada ya kufika kwenye desimali."

Chini, kwenye chumba kilichokuwa stoo, mtu anasikiliza kila pigo la patasi. Ni mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha hesabu miaka ishirini na miwili kabla macho hayajamlazimisha kuacha. Sasa anaona mwanga na vivuli, basi. Nyumba anaitembea kwa kuhesabu: hatua sita kutoka mlangoni hadi mezani, nne hadi jikoni, vipandio kumi na tano hadi chumba chao cha kulala juu.

Miezi minane iliyopita, akipanda na beseni la nguo kiunoni, kidole cha mguu kilijikwaa kwenye ukingo wa kipandio cha mwisho. Alianguka, akavunjika kifundo cha mkono. Tangu siku ile hajalala juu. Mumewe alitaka kumshika mkono kila apandapo, yeye akakataa katakata. Alichukua mto wake akahamia stoo, katikati ya ndoo za rangi na mifuko ya saruji. Fundi naye akabeba mto wake, akamfuata.

"Njiani nishikwe mkono, sawa, magari ni mengi," anasema Mwalimu, akipapasa mkono uliopona. "Lakini nyumbani kwangu? Siku nitakayoshikwa mkono kupelekwa kitandani kwangu, nitakuwa mgeni humu."

Kila mtu aliyalaumu macho yake. Yeye mwenyewe aliyalaumu. Hata fundi, ambaye sauti yake hubadilika akifika hapa, alikuwa akiwaambia majirani kwamba maskini, macho yamezidi kuisha.

Kisha akaja kutembea mdogo wake Mwalimu, mwanamke mwenye macho makali kama sindano. Alipanda kuchukua shuka, na pale pale juu akajikwaa, akashika ukuta.

"Shemeji," aliita kutoka juu, "hii ngazi yako imenitegea mguu."

Mwalimu alikuwa anamenya vitunguu. Aliweka kisu chini.

Fundi alipanda na futi yake akapima. Vipandio kumi na vinne vilikuwa na sentimita kumi na saba kila kimoja, safi kabisa. Cha kumi na tano, kile kinachokufikisha kwenye sakafu ya juu, kilikuwa na ishirini na mbili. Sentimita tano za ziada. Mguu ukishazoea mwendo mmoja mara kumi na nne, hauulizi tena. Unajiinua vile vile, na hapo ndipo unapokamatwa.

Kwa aibu, alivificha vipimo. Kesho yake alikoroga saruji kidogo, akakinyanyua kipandio cha kumi na nne ili tofauti ipungue. Akamwita mkewe ajaribu, yeye akiwa nyuma yake. Mwalimu alipanda polepole, akagusa kwa vidole vya mguu, akasimama.

"Kosa umelihamisha tu," alimwambia. "Lilikuwa limepanga chumba cha mwisho, sasa limepanga vyumba viwili."

Walikaa pale pale kwenye ngazi. Ndipo Mwalimu akamuuliza maswali ambayo, kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, hakuwahi kumuuliza kuhusu kazi yake. Urefu kutoka sakafu hadi sakafu? Sentimita mia mbili na sitini. Vipandio? Kumi na tano. Akagawa kichwani.

"Kumi na saba nukta tatu, tatu, tatu, haiishi," alisema. "Zile tatu ulizipeleka wapi?"

"Nilizikata."

"Zote?"

"Mama, zilikuwa haziishi. Kitu kisichoisha utakipimaje?"

"Basi hizo ndizo zilizoniangusha, Fundi."

Fundi anakumbuka kwamba mkewe hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyekuwa anatafuta funguo zake siku nyingi na hatimaye kaziona. Yeye ndiye aliyelia. Mwalimu alimwacha alie, kisha akamwambia akalete penseli.

Somo liliandikwa ukutani kando ya kipandio cha tisa, na bado lipo. Fundi amekataa kulipaka rangi. Andika namba, alimwambia: 17.333, na nukta zako mbele kuonyesha haiishi. Zidisha kwa kumi: 173.333, nayo haiishi. Sasa toa ndogo kwenye kubwa.

"Nikamwambia mikia hii sitaiweza," anasimulia fundi. "Akaniambia, itazame vizuri, imefanana. Ukiondoa huu kwenye huu, kinabaki nini? Nikatazama. Hakibaki kitu. Mikia yote miwili imekwisha."

Ikabaki 156. Mara kumi ukitoa mara moja ni mara tisa, kwa hiyo namba tisa kama ile zinafanya 156, na moja ni 156 ukigawa kwa 9. Wakapunguza, ikawa 52 kwa 3.

"Maana yake?" Mwalimu alimuuliza, kama alivyowauliza wanafunzi wake wote.

Fundi alitazama ngazi yake, akaanza kuhesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. "Vipandio vitatu vinakula hamsini na mbili. Kamili."

Kwa siku tisa sasa amekataa kazi za watu. Amechora alama ukutani kila sentimita hamsini na mbili, alama tano, ya mwisho imetua sawia kwenye sakafu ya juu. Uzi umemgawia zilizo katikati. Amekwangua kila kipandio kwa patasi na kukipandisha kwa saruji mpya: cha tatu sentimita moja, cha sita mbili, cha tisa tatu, cha kumi na mbili nne.

Jumamosi saruji imekauka. Mwalimu anatoka stoo na mto wake kwapani. Amemwamuru mumewe asimame juu na mikono nyuma, na fundi ametii, ingawa vidole vyake vinapigana mgongoni.

Mwalimu anapanda akihesabu kwa sauti. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Anainua mguu kwa ajili ya kile cha mwisho, na anauinua juu mno, kama mwili wake ulivyojifunza kuogopa. Unyayo unashuka hewani, unakanyaga sakafu kwa kishindo.

Anasimama wima, mto kifuani. "Mguu bado una kinyongo," anasema. "Ngoja niusahaulishe." Anateremka, anapanda tena. Mara ya nne, unyayo unatua kimya.

Fundi anapangusa macho kwa kiganja chenye saruji. Kuna ngazi nyingine tisa, anasema, anazokumbuka kwamba zilimpa jibu lenye mkia akaukata. Jumatatu ataanza na ya kwanza. Atagonga mlango, ataomba radhi, ataomba kupima.

"Usianze na futi," Mwalimu anamwambia kutoka chumbani, akiuweka mto mahali pake. "Nitakuja nawe. Nitapanda mimi kwanza."