Akina Wojtas Wawili, Darasa Moja

Habari ya Corinne kukubaliwa chuo ilifika nyumbani kabla ya chakula cha mchana, na ya mdogo wake ikafika kabla vyombo havijaoshwa.

Nilikuwa mpangaji wao wa ghorofa ya juu, pale Hamtramck, mji mdogo wa Wapolandi uliozungukwa na Detroit, na Mama Wojtas alikuwa ameniita nishuke tule keki ya kumpongeza Corinne. Alistahili keki. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi katika maabara ya hospitali moja ya Detroit, akikata nyama za wagonjwa vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvibandika kwenye vioo ili madaktari wavitazame kwa hadubini. Chumba alichokitamani kilikuwa nyuma ya ukuta wa maabara yake. Humo walisimama wasaidizi wa madaktari wa patholojia. Kiungo kikitoka kwenye upasuaji, kiwe titi, utumbo au figo, wao ndio wanaokipokea. Hukipima, hukieleza kilivyo, hukipasua, na huchagua kipande gani daktari akitazame. Corinne alikuwa akipewa vipande vilivyokwisha kuchaguliwa. Alitaka kuwa yule anayechagua.

Lakini kuingia huko kunataka shahada ya uzamili, na darasa huchukua watu wachache sana. Aliomba, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Safari hii ya tatu ndiyo akakubaliwa, na sote tukala keki kwa furaha.

Ndipo Tess, mdogo wake, akaingia kutoka barazani na simu mkononi.

"Mama, na mimi nimepata!"

"Umepata nini?"

"Chuo. Kile kile cha Corinne."

"Jezus Maria! Wote wawili?" Mama Wojtas alikaa kitako, kisha akasimama, kisha akakaa tena.

Corinne aliweka uma chini. "Uliomba lini?"

"Ulipoomba wewe. Sikusema kwa sababu nilijua sitapata. Si ulisema watu wanakataliwa na kukataliwa?"

"Kwa hiyo hii ni mara yako ya kwanza."

"Ya kwanza, dada."

Tess alikuwa amemaliza shahada ya biolojia na alikuwa akihudumu kwenye baa huku akitafuta la kufanya na maisha. Hakuwa na nia mbaya, hilo nalisema mapema. Alimsikia dada yake akiisifu kazi ile mezani kila Jumapili, ikamwingia. Corinne aliinuka akamkumbatia. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, nikauona uso wake juu ya bega la Tess. Ulikuwa uso wa mtu aliyekalia sindano na kuona haya kupiga kelele.

Walianza masomo majira ya joto, wote wakilala nyumbani, wakienda kwa gari moja. Corinne ndiye aliyeendesha. Kila jioni aliandika kadi: mbele jina la ugonjwa, nyuma dalili zake na sura ya kiungo kikiugua. Aliziandika kwa kalamu za rangi, kwa mwandiko wa kupendeza. Tess aliziazima, akazisoma mara moja kitandani huku akila chipsi, akamrudishia. Matokeo ya mtihani yalipotoka, Tess alikuwa wa kwanza darasani. Corinne alikuwa katikati.

"Kadi zako ni dhahabu, dada," Tess alimwambia. "Bila hizo ningefeli."

"Asante," Corinne alijibu. Baadaye alinikuta ngazini, akaniambia, "Amenishinda kwa kadi zangu mwenyewe, halafu ananisifia kadi."

Lililomuuma zaidi lilimpata kwenye somo la maiti. Yeye ndiye aliyezoea harufu ya formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, yeye ndiye aliyeshika nyama za watu miaka yote. Lakini alishika vipande tu, na hakuwahi kukutana na mtu mzima amelala mezani, mwenye kucha zilizopakwa rangi. Alilazimika kukaa chini. Tess, aliyekuwa na kisu tayari mkononi, alikiweka kando, akaja kumpapasa mgongo mbele ya wenzao wote.

"Vuta pumzi, dada. Polepole."

"Angenipiga kofi ingekuwa afadhali," Corinne aliniambia.

Kuanzia hapo akawa anasikiliza. Mwalimu akimsifu mtu, alisikiliza kama ni Tess. Mama akiongea na shangazi kwenye simu, alipunguza sauti ya televisheni asikie jina lipi limetajwa kwanza. Mjomba wao alipoanza kumwita Tess "daktari" kwa utani, na Corinne akaendelea kuitwa "Cory", aliacha kwenda kwa mjomba. Usiku Tess alilala fofofo chumba cha pili, na Corinne alimwonea wivu hata kule kukoroma. Alijua anachofanya si kizuri, na alijichukia, lakini chuki hiyo haikumzuia kusikiliza.

Mwaka wa pili wanafunzi hupelekwa hospitalini kufanya kazi yenyewe. Akina Wojtas walipangiwa hospitali moja, chini ya mama mmoja mweusi wa Detroit, msaidizi wa miaka mingi, aliyeitwa na kila mtu Bi Vernita. Bi Vernita hakuwa mtu wa sifa. Akikwambia "sawa", umefaulu. Siku ya kwanza alimtazama Tess akipasua kibofu cha nyongo, akasema, "Hii mikono umeitoa wapi, mtoto?" Corinne alikuwa kwenye ubao wa pili wa kupasulia. Naye alikuwa amepasua kibofu chake vizuri tu. Aliambiwa, "Sawa."

Basi, asubuhi moja ya vuli, ililetwa nyama kutoka chumba cha upasuaji: sehemu ya titi la mwanamke, yenye uvimbe wa saratani ndani. Mgonjwa alikuwa bado amelala mezani, na daktari wa upasuaji alisubiri kuambiwa kama uvimbe umekaribia ukingo, na ukingo upi, ili aongeze kukata upande huo. Kipande kama hicho kikishatoka mwilini hakina juu wala chini, mbele wala nyuma. Kwa hiyo daktari hushona nyuzi mbili, mfupi kuonyesha juu, mrefu kuonyesha upande wa kwapa. Ukijua pia ni titi la kulia au la kushoto, utajua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Kisha kila upande unapakwa wino wa rangi yake.

Bi Vernita alimpa Tess kazi hiyo, akasogea kwenye mashine ya kugandisha nyama upande wa pili wa chumba. Tess alisoma maelezo kwa haraka, akashika kipande, akaanza kupaka. Mbele bluu. Nyuma nyeusi.

Corinne aliona. Chombo kiliandikwa kushoto. Tess alikuwa amelishika kama la kulia. Mbele imekuwa nyuma, na nyuma imekuwa mbele.

Aliniambia kwamba kitu cha kwanza kilichomjaa kifuani ilikuwa furaha. Furaha kabisa, kama mtu aliyesikia wimbo anaoupenda. Mdogo wake, mikono ya dhahabu, daktari wa mjomba, amekosea jambo la mtoto wa siku ya kwanza. Bi Vernita angerudi angeona. Corinne aliinamisha kichwa kwenye kazi yake, akangoja.

Bi Vernita hakurudi. Tess alikausha wino, akapasua. Uvimbe ulikuwa pale, mgumu, mweupe, na ulikuwa umeusogelea sana wino wa bluu. Tess akamwita Daktari Bazzi, daktari wa patholojia wa zamu. Daktari akaja, akainama, akauliza, "Bluu ni ipi?"

"Mbele, daktari."

"Mbele. Haya." Akainua simu ya ukutani kumpigia mwenzake wa upasuaji.

"Ni titi la kushoto," Corinne alisema.

Daktari Bazzi aligeuka na simu sikioni. "Unasemaje?"

"La kushoto. Amelishika kama la kulia. Bluu ni nyuma."

Tess alikigeuza chombo akasoma. Akaweka kisu chini. Nyuzi zilikuwa bado zimeshonwa mahali pake, kwa hiyo walilinganisha upya, na ilikuwa kama alivyosema Corinne. Daktari Bazzi aliongea na chumba cha upasuaji: nyuma, upande wa msuli, ongeza kidogo. Mwenzake akaongeza. Mgonjwa hakupatwa na neno, na wala hakujua.

Daktari alipoondoka, Bi Vernita alivua glavu zake taratibu.

"Wewe Tess, makosa kama hayo tumefanya sote, na hutarudia. Nenda kanywe maji." Kisha akamgeukia Corinne. "Na wewe. Uliona saa ngapi?"

"Nilipo... alipoanza kupasua."

"Nimekuuliza swali la kweli."

Corinne akatazama sakafu. "Kwenye wino."

"Kwenye wino." Bi Vernita alizitupa glavu pipani. "Mama wa watu amelala kule kifua wazi, na wewe umekaa hapa unangoja. Ulikuwa unangoja nini, binti?"

Nadhani Bi Vernita alilijua jibu.

Corinne aliondolewa kwenye ubao wa kupasulia, na wote wawili wakaitwa kwa mkuu wa masomo. Ilikuwa wazi kwamba Corinne angeweza kufukuzwa. Mkuu akamuuliza Tess kama ana la kusema.

"Kosa lilikuwa langu," Tess alisema. "Na chumba kizima, yeye peke yake ndiye aliyeliona na ndiye aliyelisema. Alichelewa, lakini alisema. Asingekuwapo, yule mama angekatwa mahali pasipohitajika."

Corinne hakufukuzwa. Alipewa onyo, akawekwa kuosha visu na kubandika majina kwenye vyombo mpaka Bi Vernita atakaporidhika. Nilidhani angerudi nyumbani ameshukuru. Alipanda ngazi mpaka kwangu, akakaa kwenye kiti changu na koti lake mwilini.

"Hata hilo amenishinda," alisema. "Mimi nimetaka aanguke, yeye akanishika nisianguke. Sasa nitamchukiaje? Si hata hilo amenipokonya?"

Tess alikuwa amepanda nyuma yake bila sisi kusikia. Alisimama mlangoni.

"Nani kakwambia nimekutetea? Nimesema kilichotokea, basi. Usinishukuru. Nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma."

"Sijakushukuru."

"Vizuri." Tess alivuta pumzi. "Ulitaka nianguke?"

"Ndiyo."

"Juu ya mwili wa yule mama?"

"Yeye sikumwona, Tess. Naapa. Nilikuona wewe tu. Nakuona wewe tu kila mahali, nimechoka kukuona."

"Basi fumba macho," Tess alisema, akashuka.

Wakaacha kusemezana. Tess alipanda basi kwenda hospitali, na Corinne akaendesha gari peke yake. Mama Wojtas aliwapikia kila mmoja sufuria yake, maana hawakula wakati mmoja. Bi Vernita hatimaye alimrudisha Corinne ubaoni, lakini kwa sharti: kabla ya kugusa wino, asome maelezo kwa sauti, na mtu mwingine aliye karibu ayathibitishe. Mtu aliye karibu mara nyingi alikuwa Tess. Kwa hiyo majuma mengi maneno yao yote yalikuwa haya:

"Titi la kulia. Uzi mfupi juu."

"Nimeona."

Ikafika mkesha wa Krismasi. Nyumba za Wapolandi usiku ule hazili mpaka kwanza kila mtu amemega kipande cha mkate mwembamba wa mwenzake na kumtakia heri, na hakuna anayeruka mtu. Supu nyekundu ya bitiruti ilikuwa inapoa, pierogi, sambusa zao za kuchemsha, zimefunikwa kwa taulo. Mjomba alimega na Tess, shangazi alimega nami, na mwishowe wakabaki dada wawili wanatazamana, na Mama Wojtas ameshika mdomo.

Corinne alinyoosha mkate wake. "Nakutakia," alisema, akakwama. "Nakutakia upate kazi nzuri sana. Mbali."

Tess akaangua kicheko, kile kicheko chake cha baa, akamega kipande kikubwa kupita kiasi.

"Na mimi nakutakia hivyo hivyo, dada. Mbali kabisa. Mpaka uhitaji ndege kuja kunionea wivu."

Mama alilia, mjomba akauliza kama sasa tunaruhusiwa kula.

Ikawa kama walivyotakiana. Walihitimu majira ya kuchipua. Tess alipata kazi Tucson, jangwani, na Corinne akaajiriwa hospitali ya kitongoji cha jirani. Ni msaidizi mzuri. Nimesikia wanafunzi wanaopita chini yake wanamwogopa kidogo, kwa sababu huwasomesha maelezo kwa sauti hadi wakauke koo. Mwaka jana alipata mwanafunzi mmoja mwenye mikono kama ya Tess. Aliniambia alimsifu siku ya kwanza, haraka, kabla wivu haujapata nafasi ya kukaa.

Kwa mdogo wake haujaisha. Mama Wojtas akikata simu, Corinne bado huuliza, "Tess kasemaje?", na jibu likiwa zuri mno anakumbuka kazi ya jikoni.

Jumapili iliyopita Tess alimpigia mwenyewe. Alikuwa ameletewa figo yenye uvimbe wa ajabu na hakujua aanzie kupasua wapi. Corinne alimweleza kwa kirefu, akichora hewani kwa kidole ingawa Tess hakumwona. Mdogo wake alishukuru, wakaagana vizuri. Corinne alikaa na simu mapajani. Kisha akanigeukia.

"Unadhani alikuwa hajui kweli," aliniuliza, "au alinihurumia?"

Nilimwambia nadhani alikuwa hajui.

"Hmm," akasema. "Tess? Hajui?"