Mfuniko wa Mama Mkwe

"Mfuniko wa mama yangu unautoa leo, baba watoto, nasema unautoa!"

"Nikiutoa, roboti yangu itapigana kifua wazi?"

Kinyozi alishajitangaza mtaa mzima kwamba ataingia mashindano ya roboti za kupigana, daraja la wanaoanza. Huko kila mtu anakaribishwa na alichokiunda nyumbani, mradi kisizidi nusu kilo. Yake ilikuwa na mota ya mashine ya kunyolea, magurudumu ya gari la mtoto, na mfuniko wa sufuria ndio ngao. Mizani ikaikataa. Akapunguza skrubu, akapangusa grisi, akamfukuza hata nzi aliyetua juu asije akaongeza uzito. Wapi! Mtu aliyenyoa vichwa vyote vya mtaa akashindwa kuinyoa roboti moja.

Mwishowe akashika drili, akautoboa mfuniko matundu tele.

"Umeniua! Sasa huo ni mfuniko au chujio?"

"Tazama mizani, mke wangu! Nusu kilo kamili, tumeingia! Na mama yako tutamnunulia mwingine, wala hatajua kama..."

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe akaingia, kaikumbatia sufuria yake iliyo wazi.