Mrija Mmoja kwa Ukoo Mzima

Pale Kitanga, ukimchokoza Esteri Manirambona asubuhi, hadi jioni utakuwa bado unatafuta pa kujificha. Ulimi huo hakuzaliwa nao. Umenolewa na miaka ya kumlea Aline, bintiye wa miaka tisa, ambaye hasemi neno, kelele humfanya azibe masikio na kuyumbayumba, na kifafa humwangusha bila kupiga hodi. Kasulu mjini, daktari alisema habari ya kutosema ni ya walimu. Walimu wakasema akatibiwe kwanza kifafa.

"Mtoto ni mmoja," Esteri akawaambia, "mnamgawana kama kuku. Firigisi kachukua nani?"

Ya mjini aliyazoea. Yaliyomchoma ni ya nyumbani.

Siku ya kuondoa msiba wa baba mkwe wake, ndugu walikuja hadi wa Rungwe Mpya. Ukoo huu una desturi yake tangu Burundi: chungu cha mtobe, yaani maji ya ndizi mbivu, huwekwa katikati, na kila mtoto na mjukuu wa marehemu huvuta kwa mrija uleule, wajukuu wakitangulia. Akirukwa mmoja, msiba hauondoki, na mjane havui nguo nyeusi wala hagusi jembe.

Zamu ya Aline ilipofika, Venanti, mwana mkubwa wa marehemu, alisogeza kikombe cha plastiki.

"Huyu tumemwekea chake."

"Chake kwa nini, shemeji? Babu yake alikuwa wa plastiki?"

"Mama Aline, usituletee vurugu. Kifafa kinaambukiza kwa mate. Kila mtu anajua."

"Mwaka wa saba huu namfuta mapovu. Nimeanguka lini? Nesi alikuja kanisani akasema hakiambukizi, na wewe ulikuwepo. Ila ulikuwa unasubiri soda."

Watu walicheka huku wameinama. Anania, mume wa Esteri, alikuwa anachunguza viatu vyake kama anataka kuvinunua.

"Mtazame," Venanti akasema. "Hata mwenyewe hataki."

Kweli, Aline alikuwa amejikunja chini, ameziba masikio. Mrija asingeutia mdomoni. Hakubali kitu kigeni. Esteri alilijua hilo kuliko wote, na ndilo lililomchemsha: hakuna aliyeuliza mtoto anaweza nini. Walikuja na kikombe tayari.

Akampa kikombe. Aline akanusa, akaonja, akatema humohumo. Esteri akanywa chote, mate na yote, kisha akainama akavuta mrija wa ukoo.

Mashangazi waliruka nyuma kama wameona nyoka.

"Nimemvutia mwanangu," akasema. "Anayemwona si wa damu asinywe. Tukae na msiba wetu mpaka Yesu arudi."

Aliyeinuka ni mjane, mabukwe wake, yaani mama mkwe, ambaye tangu Aline aanguke mara ya kwanza hajawahi kumpakata.

"Venanti, hii nguo nyeusi imenichosha. Maharage yangu yanaozea shambani."

Akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Aline hakumtupia hata jicho.

Mama mtu mzima akishakunywa, nani abaki? Venanti akaitafuta ncha ya mrija, akaifuta kwa leso, akavuta huku amefumba macho. Mashangazi wakafuata, kila mmoja na kufuta kwake.

"Futeni," Esteri alisema, akimshika Aline mkono kumtoa kwenye kelele. "Futeni mpaka utoboke. Mmeshakunywa."