Injini Kubwa ya Kuendea Ukweni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba nikipotea wasihangaike na polisi, wanitafute nyuma ya redio. Ndiyo maana watu wa mtaani kwetu Olasiti walishangaa nilipoleta gari, tena la mbio: kigari chekundu cha Kijapani, mlango wa nyuma wa kunyanyua juu, mstari mweusi ubavuni kama suruali ya mpiga tarumbeta. Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu vilimiminika kutoka Dubai, na kila mwenye kibanda alijiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa na kibanda cha vipuri vya redio, kwa hiyo nilikuwa tajiri.

Kigari kilikuwa cha mbio huko kilikozaliwa. Kwangu kilifika kizee. Kwenye tambarare ya Usa River kilijitahidi, lakini mchumba wangu alikuwa mtoto wa Nkoaranga, na Nkoaranga tambarare ni ya kutafuta. Siku ya kujitambulisha kilikata pumzi kwenye mlima wa kwanza. Nikapanda kwa miguu, nikamwamkia baba yake nikiwa na tope hadi magotini. Mzee alinitazama viatu, akaitikia marahaba, kisha akauliza kama gari nimeliacha chini lipumzike au limechukua likizo. Mashemeji walicheka mpaka chai ikamwagika. Mchumba wangu hakucheka. Wakati wa kunisindikiza aliniambia kwa upole kwamba nikija na wazee wa mahari niwafikishe uani kwa gari, kwa sababu baba yake ameanza kuulizia habari za mwalimu mmoja mwenye pikipiki.

Nikaenda gereji bubu, isiyo hata na kibao. Fundi alikuwa mtu wa Kondoa, na kofia yake nyeupe haikuwahi kuguswa na grisi. Mimi nililiona hilo kuwa dalili ya ufundi. Mama alisema ni dalili ya kutofanya kazi. Fundi akaamua injini yangu haitibiki, ibadilishwe, na kwa bahati kulikuwa na nyingine kubwa zaidi, ya ukoo uleule, imeshuka juzi tu kutoka Dubai. Wakaishusha ya zamani kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti wa mgrevilea. Mpya ikagoma kuingia. Wakakata chuma hapa, wakachomelea pale, wakahamisha rejeta. Boneti ikakataa kufunga, wakaitoboa, na injini ikachungulia nje kama mpangaji aliyepewa chumba kidogo. Mtaa mzima ulikuja kutoa ushauri. Ilipowaka, kuku walihama.

Jambo moja fundi alilitaja harakaharaka, huku akifuta mikono isiyo na uchafu. Starta ni ileile ya zamani, na injini ikishapata moto, starta haina nguvu ya kuizungusha mpaka ipoe usiku kucha. "Wewe usizime tu," alisema. "Nani anazima gari zuri?"

Siku ya mahari mjomba alikaa mbele na koti lake la kanisani, mama na shangazi nyuma, wamepakata blanketi la bibi mzaa baba wa mchumba. Tulipanda, tena kweli. Migomba ilipita kama inafukuzwa. Mama, ambaye hajawahi kunisifia, aliniomba nipunguze mwendo, nikaihesabu kuwa sifa. Nilikuwa nimepanga kuegesha barabarani, pua ielekee bondeni, mambo yakiharibika mteremko unisaidie. Lakini kule mgeni wa mahari haachwi barabarani. Mashemeji walishafungua uzio wa miti ya masale, wakaniongoza hadi uani, palipo sawa kama meza, kati ya zizi na kahawa iliyoanikwa. Nikashuka kwa madaha, nikaliacha linanguruma.

Salamu zilikuwa za kupigiana kelele. Bibi aliuliza ni nani amekuja na mashine ya kusaga. Tukaketi. Mzee akasimama, akavua kofia, akafumba macho, maana Walutheri wale hawafungui mahari bila sala. Halafu akafumbua jicho moja.

"Kijana, zima tuombe."

Nikamjibu kwa heshima kwamba gari bado linapoa.

"Linapoa huku linawaka?"

Mchumba wangu alikuwa mlangoni pa jiko, ananitazama. Nilijua anafikiria nini: pikipiki ya mwalimu huzimwa pale inapotakiwa kuzimwa. Nikazima.

Sala ilikuwa ndefu, na mimi ndani yake nilikuwa na yangu. Mazungumzo yalikwenda vizuri mno. Ng'ombe wakakubaliwa, mbuzi wakakubaliwa, blanketi likamtoshea bibi. Tukala, tukaaga, nikageuza ufunguo. Starta ikatoa mlio wa mtu anayeng'ata kucha. Nikageuza tena. Ikang'ata nyingine.

Mzee alivua koti, akalikunja vizuri, akampa mkewe, kisha akaegemeza bega kwenye mlango wa nyuma. Mashemeji wakafuata, mjomba akafuata, hata shangazi na kitenge chake kipya. Injini kubwa ni nzito hata ikiwa imelala. Wakanizungusha uani, tukaikanyaga kahawa yote, na karibu na uzio ndipo gari lilipowaka na kuwatemea moshi mweusi usoni wakwe zangu watarajiwa.

Nikangoja kusikia kwamba ng'ombe wangu nibaki nao. Mzee alikuja dirishani anahema, masizi hadi kwenye nyusi.

"Binti tumekupa," alisema. "Ila ongeza mbuzi mmoja, wa waliosukuma."

Mjomba, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kupunguza mbuzi, akafungua mdomo abishe. Nikakanyaga mafuta, na hakuna aliyemsikia.