Kifuniko Hakirudi Kitupu

Wiki iliyopita nilipanda basi kutoka Gasenyi, tunakoishi, hadi Kamenge nilikokulia, kwenda kutafuta jiko bovu la makaa. Ucheke ukitaka, mume wangu alishacheka. Nyumbani tuna jiko la gesi alilolinunua kwa mbwembwe, na kila mgeni akija lazima aoneshwe jinsi linavyowaka bila kiberiti. Lakini nyanya yangu, ambaye tulimchukua aishi nasi baada ya kuteleza bombani na kuumia nyonga, alikuwa ameacha kula. Hakugomba wala hakulalamika. Ukimpa chai anaishika mpaka inapoa, anakushukuru, kisha anakurudishia. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa. Mimi niliona bangili yake inavyoteleza hadi kwenye kiwiko akiinua mkono, nikaogopa kwamba tutamzika hivi hivi huku akitushukuru. Nilipombembeleza aseme anataka nini, alijibu neno moja tu: mbabula.

Mbabula ndilo hilo jiko la makaa, la bati, ambalo kwetu kila nyumba ilikuwa nalo. La nyanya tuliliacha Kamenge siku ile tunamhamisha, kwa sababu mume wangu alisema halitaingia kwenye gari lake na kuchafua viti, na mimi sikuona sababu ya kubishana kwa ajili ya bati lenye kutu. Nililikuta nyuma ya choo, limejaa maji ya mvua. Ua wetu sasa una wapangaji nisiowajua, na chumba cha jirani yetu wa zamani kimetobolewa dirisha upande wa barabarani, kimekuwa kibanda cha kutuma pesa kwa simu. Niliingia jikoni kuangalia kama kuna kingine cha kuokoa, na pale ukutani, kwenye msumari wake ule ule, kilikuwa kinaning'inia kifuniko cha sufuria kisicho na kishikio. Nilikishusha. Nikakaa nacho kwenye kizingiti nikalia, nikiwa na nguo zangu za kazini, na wapangaji wakanitazama kama mtu aliyetumwa kukagua vyoo.

Nikueleze kuhusu asubuhi zetu, maana bila hizo hutaelewa kwa nini mtu mzima alilia kwa ajili ya kifuniko. Nyanya alizaliwa Buyenzi akaolewa Kamenge na fundi wa magari, babu ambaye mimi simkumbuki. Mimi ndiye niliyebaki naye. Alikuwa anaamka, anaswali, halafu nilikuwa nasikia majivu yanakwanguliwa, na hiyo sauti ndiyo iliyoniambia kwamba dunia bado ipo na mimi nina muda kidogo wa kulala. Baadaye magunzi ya mahindi yanaanza kushika, moshi unapita chini ya mlango, naitwa nipepee. Nilipepea kwa kipande cha katoni mpaka makaa yaanze kulia yale malio yao madogo. Barabarani makonda walishaanza kuita watu wa mjini, na wanafunzi walipita wakienda upande wa hospitali kubwa wakiwa na makoti meupe mkononi.

Raha yangu ilikuwa ndogo sana, nakwambia ukweli. Ilikuwa andazi la jana. Nyanya aliliweka kwenye ukingo wa mbabula, akaligeuza kwa vidole bila kuungua, mpaka ngozi yake ikakauka na ndani likabaki laini. Chai ilikuwa na tangawizi ya kupondwa, nyingi kuliko majani, na tuliinywa kwa kelele, tukiwa tumekaa kwenye vigoda, magoti yetu yakielekea motoni. Sijapata kula mahali popote, hata kwenye hoteli za ziwani ambako mume wangu hunipeleka kila siku ya kumbukumbu ya harusi yetu, kitu kilichonituliza moyo kama lile andazi. Lakini hatukuweza kuanza kula kabla jirani hajaja, hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mimi njaa iliniuma nikamchukia kidogo kila asubuhi.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Uvira, mjane, aliyekuwa akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Alikuwa Mkristo wa kuimba kwaya, na sauti yake ilipita ukuta bila shida. Alipika vyakula vingi lakini hakuwasha moto wake mwenyewe hata siku moja. Kwetu mtu hakupoteza kiberiti wakati moto upo kwa mwenzake. Alikuja akasimama mlangoni, akamwita nyanya yaya, yaani dada mkubwa, na kuuliza jambo lile lile:

"Hodi, yaya. Moto iliamka?"

"Iliamka, mudogo wangu. Iko inakungoja."

Nyanya alimchagulia makaa mazuri, mekundu mpaka katikati, akayaweka kwenye kifuniko chetu, kile kisicho na kishikio, na yule mama akaondoka nayo haraka akiyapuliza. Mchana kifuniko kilirudi, na hakikurudi kitupu. Kuna siku kilikuwa na ndagala za kutosha mchuzi, kuna siku nyanya chungu mbili, au chumvi iliyofungwa kwenye kijikaratasi. Siku mbaya sokoni kilirudi na jani moja la lengalenga, yaani mchicha, na nyanya alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa akisema chombo cha jirani ukikirudisha kitupu umemwambia hutakuja tena. Nilifikiri ni maneno ya wazee ya kututisha watoto.

Ramadhani ndiyo iliyonishangaza zaidi. Nyanya alifunga mwezi mzima bila kukosa, na nyumba yetu haikuwa na sababu ya moto mpaka jua likaribie kuzama. Hata hivyo, asubuhi aliamka vile vile, akakwangua majivu, akawasha mbabula, akakaa mbele yake na mdomo mkavu akimngojea mama wa Uvira. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaunguza makaa yetu wakati hatupiki. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini watu wanavaa nguo.

"Njaa ni yangu mi," alisema. "Moto ni ya wote."

Na jioni, kabla ya adhana, kifuniko kilikuwa kinarudi na kitu cha kufuturu. Yule mama alituletea mara nyingi viazi vitamu vya kuchemsha, kwa sababu alisikia nyanya akivisifu mara moja. Alivileta bila kuimba, maana alijua tunasubiri adhana, na alibaki mlangoni mpaka nyanya ameng'ata cha kwanza.

Kisha ikaja ile miaka ya vita ambayo Kamenge tulilala tumevaa viatu. Sitakusimulia, wewe mwenyewe unajua au umesikia. Nitakuambia tu kwamba hata asubuhi zile moto uliwaka na kifuniko kilienda na kurudi, japo sasa wanawake wale wawili walisemeshana kwa sauti ya chini. Yule mama aliacha kuimba. Soko lilifungwa siku nyingi kuliko lilivyofunguliwa, na kifuniko kilirudi na vitu vidogo zaidi na zaidi, lakini kilirudi navyo.

Asubuhi moja alipiga hodi, na hakuuliza kama moto umeamka. Kifuniko, ambacho mchana wa jana hakikurudi, kilikuwa mkononi mwake, kimesuguliwa kwa mchanga mpaka kikang'aa kama siku kilipotoka dukani, na ndani hakukuwa na kitu. Nyanya alikipokea, akakigeuza, akakigeuza tena. Mimi nilikuwa na katoni mkononi.

"Leo kifuniko inarudi tupu, mudogo wangu."

"Apana kasirika, yaya. Mi niko naenda."

Hawakukumbatiana. Nyanya alimwambia aende na Mungu, yule mama akamjibu abaki na Mungu, na mzigo wake ulikuwa tayari umefungwa kwenye kitenge mlangoni. Uvira si mbali. Siku anga ikiwa safi unaiona milima yake ng'ambo ya ziwa, wazi kabisa. Tulipata habari zake mara moja kupitia wauza samaki kwamba amefika salama, halafu habari zikakatika, na sijui kama yu hai.

Asubuhi iliyofuata nyanya aliwasha moto, akachagua makaa mazuri, akayaweka kwenye kifuniko, tukangoja. Aliniambia nile andazi langu. Nilikula nikaliona limebadilika, na nilikuwa mtoto mdogo, sikujua kwamba raha nayo hufa mtu mmoja tu akiondoka. Aliendelea kufanya hivyo miaka yote nikisoma, nikiolewa, nikihamia huku kaskazini penye viwanja vipya. Nikimtembelea Kamenge nilikuwa nakuta yale makaa pembeni, yamekuwa majivu. Mazoea yana taabu, nilikuwa namwambia kwa utani, naye anacheka.

Basi nilirudi Gasenyi na mbabula kwenye mfuko wa simenti na kifuniko kwenye mkoba wa kazini. Kesho yake nyanya alikaa barazani kwenye kigoda, akawasha makaa mwenyewe kwa vijiti alivyoniagiza niokote. Mume wangu alifunga madirisha kwa ajili ya kuta zake nyeupe, ila hakutukataza, na kwa hilo ninamshukuru. Chai ikachemka, tangawizi ikanukia mpaka getini. Nilimmiminia kikombe, naye akakiweka chini. Akachukua makaa mawili mekundu, akayaweka kwenye kifuniko, na akatazama geti.

Geti letu ni la chuma, refu kuliko mtu. Hakuna anayelipita bila kupiga simu kwanza. Aliendelea kulitazama na kikombe kinaanza kupoa, na mimi nikaona itakuwa kama siku nyingine zote. Sikuvumilia. Nilitoka kupitia mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba, nikaja mbele yake.

"Hodi, yaya," nikasema. "Moto iliamka?"

Nilijua nimekosea kabla hajafungua mdomo.

"We ni wa humu," alisema taratibu. "Mutu haombaka moto kwao." Kisha akaniinulia kifuniko. "Peleka inje."

Nilitoka nacho barabarani. Sikumuuliza nikipeleke kwa nani, kwa sababu alikuwa amenituma, na mtoto akitumwa anaenda. Nilisimama kati ya kuta zenye vipande vya chupa juu, makaa yananichoma vidole kupitia lile bati. Mageti yote yalikuwa yamefungwa. Zamu, mlinzi wa nyumba ya pili, alichungulia akarudi ndani. Jirani ambaye tumeishi naye ukuta kwa ukuta tangu tujenge, na ambaye jina lake silijui, alitoka na gari, akashusha kioo kidogo, akaniuliza kwa adabu kama nimepoteza kitu. Ningemwambia nini? Kila nyumba pale ina moto wake wa kutosha, na hakuna anayehitaji wa mwenzake. Ndicho tulichokitafuta kwa jasho, mimi wa kwanza, na tumekipata. Nikamwambia hapana. Aliondoka, na mimi nikabaki nikiyapuliza yale makaa kama yule mama alivyokuwa akiyapuliza, mpaka yakawa meusi na mikono yangu ikaacha kuungua.

Niliporudi, nyanya alikuwa bado hajagusa kikombe, lakini andazi la jana lilikuwa kwenye ukingo wa mbabula, upande wangu, limegeuzwa. Nilimwekea kifuniko mbele yake nikashindwa kumwangalia usoni. Aliyatazama yale makaa yaliyozimika, akayagusa kwa kidole, akayamwaga taratibu kwenye majivu.

"Si kitu," akasema. "Haikurudi tupu."

Akachukua kikombe chake akanywa, na chai ilikuwa bado na moto kidogo.