Abiria wa Buya

Buya wa Kinakomba alikuwa na mtumbwi mrefu, na ulimi mrefu kuliko mtumbwi. Miaka hiyo barabara hakuna; aliyetaka kwenda Garsen alishuka na mto. Buya alichukua wakulima na ndizi zao, wafugaji na samli yao, na nauli ilikuwa chochote kinacholiwa.

Shida, msafiri hapandi mtumbwi mtupu. Anajua atakaa juani hadi ujae. Basi kila asubuhi ya safari Buya alimketisha humo mkewe Kibibi, pamoja na Mashavu na Mwanasiti, dada zake Kibibi, wamejitanda nguo safi.

"Imebaki nafasi moja! Nafungua kamba!"

Watu walikimbilia hiyo nafasi moja, ambayo kwa maajabu ilitosha kila aliyefika. Penye kona ya kwanza wale wanawake walikumbuka ghafla kwamba wameacha moto jikoni, wakashuka, wakarudi nyumbani kupitia migombani.

Siku moja alipanda Boru, mfugaji wa Kiorma, na kibuyu cha samli. Kwenye kona, Buya akauegesha mtumbwi, akakohoa. Hakuna aliyesimama. Akakohoa tena.

"Mama Tahir," akamwambia mkewe, "hukuacha moto?"

"Nimeuzima."

"Shemeji Mashavu, mtoto je?"

"Yuko kwa bibi yake."

"Babake Tahir," Kibibi akasema, "kila siku twaambiwa twaenda Garsen, wala hatujaiona. Leo twaenda."

Boru akamgeukia Buya. "Kwani hawa si abiria?"

"Abiria," Buya akajibu. "Tena wa zamani."

"Basi sukuma. Jua kali."

Buya akashika pondo, moyoni akiwatukana wakwe zake wote. Nyuma yake Kibibi alimsimulia Boru hila yote, na Boru akacheka hadi mtumbwi ukayumba. Kila kijiji walichopita, Boru aliirudia hadithi kwa sauti kubwa. Buya akaona kazi imekwisha.

Wapi! Wanawake walikaa Garsen kwa shangazi yao hadi walipochoka wenyewe, na siku ya kurudi ukingo wa mto ulijaa watu waliotaka kuwaona. Tangu hapo Buya akiita, wasafiri hawamsikilizi, humuuliza Kibibi, "Leo mwaenda kweli?" Akisema ndiyo, wanapanda. Akisema bado, wanakwenda zao kunywa uji.

Buya alinuna siku chache. Kisha akagundua kwamba mkewe akiita, yeye anaweza kulala.