Kigudulia cha Bi Kamla

Juzi, katika duka moja la vyombo kwenye mtaa wa Ruwi, nilikiinua kigudulia kidogo cha shaba nyekundu, na harufu yake ikanijaza ladha ya chuma kinywani. Nilikirudisha upesi kama mwizi.

Kama hicho alikuwa nacho Bi Kamla, jirani yetu wa mlango wa pili, Mhindi, lakini mzaliwa wa Unguja kama alivyokuwa bibi yangu. Ndani mlikuwa na maji ya mto Ganga. Alinisimulia kwamba Ganga ni mungu wa kike aliyekaa mbinguni, akaombwa ateremke aoshe majivu ya wafu wapate kupumzika; na kwa ukali wa maji yake, mungu mwenzake Shiva alimkinga kwa nywele zake ili ardhi isipasuke. Mimi, kwa akili zangu za miaka minane, niliuliza nani alimchana baadaye.

"Maji haya nnayaweka ya siku yangu, mjukuu wangu," alisema. "Mwanangu atanitia mdomoni, niende salama."

Kisha akaugua. Nilimpenda, nikaona anachelewa bure. Kwetu Waislamu, maji ya Zamzam hayangoji mtu afe. Bibi alinifunza: tia nia, unywe, wala usibakishe hata tone. Basi alasiri moja, Bi Kamla kalala, nilitia nia apone, nikayanywa yote. Hata kizibo nilikilamba. Halafu woga ukanishika, nikajaza maji ya bomba.

Hakupona. Siku yake ilipofika, mimi na Bibi tulisimama mlangoni, tukamtazama mwanawe akimdondoshea yale maji. Aliyameza, uso ukatulia. Nilitaka kusema, nisiweze. Na ningesema, ingesaidia nini? Mto wenyewe uko mbali.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba maji yale hayakuwa ya kuzuia safari. Yalikuwa ya kumsindikiza. Nikamwendea mwanawe, siku hizi naye mzee, nikamwambia yote. Hakunifokea. Alisema, "Pengine lilibaki tone. Kwetu tone moja la Ganga likiingia katika maji ya bomba, yote huwa Ganga."

Akanitazama, akingoja.

Nikamwambia lilibaki. Nanyi nawaambia kweli: nilikuwa mtoto msikivu mno, na Bibi alikataza kubakisha.